Kabla Nyonga Haijasagika

Kwa miaka kumi na minane nimekuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu, na katika muda huo nimewanyima alama wanafunzi wengi kwa kosa la kuweka neno moja mahali pa jingine. Aliyeandika ugoko akikusudia goti, au kisigino akikusudia kifundo cha mguu, hakupona mbele ya kalamu yangu. Ni haki, basi, nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Kwa muda wa karibu miaka miwili nilikuwa na maumivu ya kinena, na kwa muda wote huo niliwaambia watu, na waganga pia, kuwa naumwa kiuno.

Labda msomaji atasema kuwa kosa hili ni dogo, maana kutoka kiunoni hadi kinenani si safari. Nami nilidhani hivyo. Lakini kinena ni neno ambalo mwanamke aliyelelewa kwetu Ifakara hulitaja kwa shida mbele ya mama yake mzazi, na mbele ya mwanamume asiyemjua hulimeza. Kiuno ni neno la stara. Kiuno hufungwa kanga, huchezwa ngomani, husifiwa katika nyimbo. Hakuna aonaye haya kusema kuwa kiuno chamuuma. Basi mimi, niliyeandika tasnifu nzima juu ya maana za maneno, niliketi mbele ya daktari kijana katika zahanati moja ya Dar es Salaam, na aliponiuliza, "Unaumwa wapi, mama?" nilijibu, "Kiuno, daktari." Akaandika kiuno. Nilipigwa picha ya uti wa mgongo, na uti ukaonekana kuwa mzima kwa kadiri ya umri wangu. Nikapewa vidonge vya kutuliza maumivu pamoja na shauri la kupumzika. Simlaumu daktari yule. Alilitibu neno alilopewa.

Maumivu yenyewe hayakuwa na makelele. Yalikuja nikivaa kiatu, nikishuka katika daladala, nikisimama baada ya kusahihisha mitihani kwa saa mbili. Usiku yaliniamsha nikilalia upande wa kulia. Hayakunizuia kufanya kazi, na hilo ndilo lililoniponza, kwa kuwa mtu hukitafutia dawa mapema kinachomwangusha kuliko kinachomchelewesha. Shauri la kupumzika nililitii kuliko nilivyowahi kutii shauri lolote. Niliacha matembezi ya jioni. Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu. Nikawa nawaonea wanafunzi wangu chini, kivulini mwa mwembe, ili nisipande ngazi. Wenzangu walinipa pole, na pole ni tamu. Kila mwezi nilipumzika zaidi, na kila mwezi nilichoka upesi zaidi, wala sikuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Mwezi wa Juni, chuo kilipofungwa, nilikwenda Ifakara kumwona mama. Asiyeijua nchi yetu na aelewe kuwa bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na kwamba mto umelisawazisha kwa mafuriko ya karne nyingi hata ardhi imekuwa kama sinia. Juni ni mwezi wa mavuno. Mpunga huwa umekauka mashambani, magunia yamepangwa barabarani, na mashine za kukoboa hunguruma mchana kutwa. Mama yangu ni mkulima wa mpunga, au niseme alikuwa, maana sasa ana umri wa miaka sabini na mitatu na shamba lake hulimwa na wajukuu. Yeye huketi barazani akilihesabu kwa mdomo.

Hutembea kwa kuyumba. Kila akikanyaga mguu wa kulia, mwili mzima huegemea kulia kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja. Watoto wa mtaa wamezoea kumwigiza, naye huwatishia kwa mkongojo na kucheka pamoja nao. Mimi sikuwahi kucheka, kwa sababu nakumbuka mwendo ule ulivyoanza.

Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, si mbali na Minepa. Daraja lililopo leo, ambalo lina urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018; kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko, na kivuko kilipogoma walivuka kwa mitumbwi. Siku moja, nikiwa msichana wa shule, nilimwona mama akisimama ukingoni mwa maji, mzigo kichwani, akishindwa kuinua mguu wa kulia kuupitisha juu ya ubavu wa mtumbwi. Aliinama, akaushika mguu kwa mkono, akauingiza kama mtu aingizaye mzigo wa mwenzake. "Mguu umelala," alisema. Baadaye, wakati wa kuamia ndege, nilimwona akipanda ngazi ya dungu kwa mguu wa kushoto tu, wa kulia ukimfuata nyuma ngazi baada ya ngazi. Alikuwa na umri karibu sawa na huu nilio nao sasa. Hakumwambia mtu. Alipoulizwa alisema ni baridi yabisi, akajipaka mafuta ya karafuu, akajifunika.

Hapa naomba ruhusa ya kusema kama mwalimu wa lugha. Jina la baridi yabisi limetungwa vizuri na limedhuru watu wengi. Baridi yajulikana, yabisi ni kitu kikavu, kigumu, kisichokunjika. Mwenye kuitwa kwa jina hilo hufanya kama jina linavyomwagiza: hukimbia ubaridi, hujifunika, hukaa. Tena hukubali kuwa ameshakauka, na kitu kikavu hakirudi kuwa kibichi. Jina halisemi kwamba kulikuwa na wakati, pengine miaka kumi, pengine ishirini, ambapo kiungo kilikuwa kinauma bila kukauka. Katika usemi wa siku hizi watu husema nyonga "imesagika" au "ute umeisha", na usemi huu una ukweli zaidi, lakini nao hutaja mwisho wa jambo tu. Kwa kipindi kinachotangulia hatuna jina, na mama yangu alikiishi kipindi hicho chote katika matope ya mpunga, bila jina. Picha ya nyonga yake ilipopigwa mwaka 2015, nafasi kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake ilikuwa imekwisha.

Kwa hali kama ile kuna dawa kubwa. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, mpasuaji John Charnley alianza kuweka nyonga bandia ya chuma na plastiki ambayo nyingi za leo ni wajukuu wake, na kwetu Tanzania kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa mwaka 1996. Tulimsihi mama aende. Alisema hataki kuzikwa na chuma cha watu. Nilibishana naye siku tatu, kisha nikaacha, kwa kuwa mwili ni wake.

Siku ya pili ya likizo ile nilimpeleka mama hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, ili mkongojo wake upimwe. Mpira wa chini ulikuwa umelika na urefu haukumfaa. Tulipokewa na kijana mmoja wa umri wa wanafunzi wangu. Watu humwita daktari wa mazoezi. "Shikamoo bibi. Shikamoo mwalimu," alisema, maana mama alikuwa amekwisha kumtangazia kazi yangu kabla hatujaketi. Aliupima mkongojo, akaukata kidogo, akavika mpira mpya. Kisha akamwomba mama atembee. Mama alitembea, akiushika mkongojo kwa mkono wa kulia, upande wa nyonga mbovu, kama alivyofanya miaka yote. Kijana akamwomba arudi. Lakini niliona kuwa macho yake hayako kwa mama tena. Alikuwa akinitazama mimi, niliyekuwa nikitembea kando ya mama.

"Na wewe, mwalimu, tangu lini?" aliuliza.

Nilianza kusema kiuno. Alinyanyua mkono kwa adabu. "Usinitajie, mwalimu. Nionyeshe kwa mkono." Mkono wangu ukaenda wenyewe: kidole gumba nyuma ya nyonga, vidole vingine mbele, kiganja kikikumbatia ubavu, ncha za vidole zikizama kinenani. Mkono haukuona haya. Alitikisa kichwa akasema kuwa mwenye maumivu ya kiungo cha nyonga chenyewe aghalabu hushika hivyo, na kwamba mwenye maumivu ya mgongo hushika kwingine. Miaka miwili ya maneno yangu ikafutwa kwa ishara moja.

Alinisimamisha mbele ya kioo, akaniambia niinue mguu wa kushoto na kusimama kwa wa kulia. Nilifanya hivyo, nikaona kwa macho yangu upande wa kushoto wa nyonga ukishuka kama paa la banda lililovunjika mhimili. Dalili hii ilielezwa mwaka 1895 na mpasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, na hadi leo hutajwa kwa jina lake. Misuli iliyoko ubavuni mwa nyonga, chini ya makalio kwa juu, ndiyo ishikayo mizani tunaposimama kwa mguu mmoja; na kila hatua ya mwendo ni kusimama kwa mguu mmoja. Misuli hiyo ikilegea, nyonga hushuka, au mwili huyumba upande wa ugonjwa ili kuisaidia. Niligeuka kumtazama mama kwenye benchi. Yeye alikuwa akitazama kioo.

Kisha alinilaza, akalikunja paja langu hadi karibu na tumbo, akalizungusha kwa ndani. Maumivu yalikuja pale pale, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nilipelekwa kupigwa picha, safari hii ya nyonga. Nafasi kati ya mifupa ilikuwa pana bado, pande zote mbili. Ila shingo ya mfupa wa paja la kulia ilikuwa na kinundu kidogo mahali ambapo ingepasa kubonyea, na kila nikikunja paja sana, kinundu kile hugonga ukingo wa kikombe.

Waswisi si wageni Ifakara. Rudolf Geigy wa Basel alifika kwetu mwaka 1949, na maabara iliyofunguliwa mwaka 1957 ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Maarifa niliyoyahitaji mimi yalitoka mji mwingine wa nchi hiyo hiyo. Mwaka 2003 mpasuaji Reinhold Ganz wa Bern na wenzake waliandika kuwa kugongana huko kwa shingo ya paja na ukingo wa kikombe, kukiendelea kwa miaka mingi, ni chanzo kimoja cha nyonga kusagika kwa watu wasio wazee. Kabla ya hapo wengi waliosagika waliambiwa kuwa ni umri tu. Inafaa kuongeza kuwa si kila mwenye kinundu husagika, na wengine hufa nacho wakiwa wazee bila kujua kuwa wanacho.

Nilimwuliza kijana kama inanipasa kupumzika zaidi. Hakucheka, ingawa nadhani alitaka. Alinieleza habari za gegedu, ile ngozi laini, nyeupe, ifunikayo ncha za mifupa kiungoni. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute wa kiungo, na ute huingia ndani yake kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama sifongo katika maji. Kiungo kisichotembezwa hulala na njaa. Misuli nayo isipotumiwa hunywea, na misuli ikinywea uzito wote huangukia kiungo. Hapo nilielewa hesabu ya miaka yangu miwili.

Jambo jingine alilonieleza lilinishangaza zaidi, na nimelifikiri mara nyingi tangu siku ile. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, mzigo unaoshuka juu ya kiungo cha nyonga hauwi sawa na uzito wake. Huwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya uzito huo. Sababu yake ni kama ya mlango. Ukiusukuma mlango karibu na bawaba utatoa jasho. Ukiusukuma mbali na bawaba utaufungua kwa kidole. Uzito wa mwili huning'inia mbali na kiungo, na misuli ishikayo mizani imefungwa karibu nacho, kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi kupita uzito wenyewe. Na kiungo, kilicho katikati, hubeba vyote viwili. Sasa weka mkongojo katika mkono ulio mbali, yaani mkono wa upande mzima. Nguvu ndogo ya mkono ule, kwa kuwa iko mbali, hupunguza kazi kubwa ya misuli iliyo karibu. Mkongojo ukishikwa upande wa ugonjwa haufanyi hivyo. Jambo hili lilielezwa kwa hesabu mwaka 1956 na William Blount, daktari wa mifupa wa Marekani, katika makala aliyowasihi wenzake wasiidharau fimbo ya kutembelea.

Kijana akamgeukia mama. "Bibi, tuhamishe mkongojo mkono wa kushoto."

"Nani alikuambia mguu wangu wa kushoto unauma?" mama alijibu.

Hatukumshinda siku ile.

Mimi nilipewa kazi ya nyumbani, nami sijawahi kuwa mwanafunzi mwenye aibu kama nilivyokuwa wakati wa likizo ile. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilale chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, niinue makalio mpaka mwili uwe mstari kutoka mabegani hadi magotini, nikae hapo kidogo, nishuke polepole. Nilale ubavu wa kushoto, niinue mguu wa kulia ukiwa umenyooka, bila kuuacha uende mbele. Nisimame kutoka kitini na kuketi tena bila kushika kitu, kiti kikiwa kirefu. Nipande kijiwe cha baraza kwa mguu wa kulia na kushuka nacho polepole, nikiangalia nyonga isianguke upande. Mazoezi ya kutia nguvu yawe mara tatu kwa wiki, na siku za katikati nitembee au niendeshe baiskeli. Kwa muda niepuke kukunja paja kupita kiasi: nisikae juu ya mbuzi kukuna nazi, wala kwenye kigoda kifupi, wala nisikunje miguu kwenye jamvi.

Juu ya maumivu alinipa kipimo kilichonifaa kuliko dawa. Niyahesabu kutoka sifuri hadi kumi. Yakifika nne au tano wakati wa zoezi, yavumilike. Yakipita hapo nipunguze. Na asubuhi ya siku ya pili yawe yamerudi yalipokuwa, yasiporudi, nilizidisha. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeyachukua maumivu kama amri ya polisi, kwamba yakitokea nisimame. Yeye alinifundisha kuyasoma kama alama za mtihani.

Neno lenyewe mazoezi limetokana na kuzoea. Nimelifundisha jambo hili darasani kama mfano wa uundaji wa nomino, sikulifikiri zaidi. Kumbe katika neno hilo hamna ahadi ya nguvu wala ya uzuri. Yaliyomo ni mwili na kitu kukaa pamoja mpaka vizoeane. Wiki tatu za kwanza sikuona badiliko lolote, nikataka kuacha. Kijana alikuwa amenionya kuwa nisihukumu kabla ya miezi mitatu, nami nilivuta subira kwa kiburi tu, kwa sababu sikutaka kushindwa mbele ya mtu wa umri wa wanafunzi wangu.

Mama alipinga toka siku ya kwanza. Nililala mkekani uani, nikainua makalio, naye akatazama lango kama jirani anaingia. "Mwanangu, mtu mzima na elimu yako, unabinuka hivyo mchana?" Alisema mwenye kuumwa hutulia. Aliniletea maji ya moto. Aliniwekea mto. Asubuhi moja niliikuta baiskeli ya mpwa wangu imefichwa nyuma ya tanuri la matofali, na sikuhitaji kuuliza nani aliyeificha. Nilikasirika, kisha nikaona kuwa alikuwa akinipa kile ambacho hakuna aliyempa yeye alipokuwa akivuka mto na mguu wake mkononi, yaani ruhusa ya kukaa. Kumkatalia mama zawadi ya namna ile kulinishinda kuliko zoezi lolote.

Baiskeli niliipata. Mpwa wangu aliinua kiti chake hata mguu ukawa karibu kunyooka chini, ili paja lisikunjwe mno, nami asubuhi niliendesha mpaka karibu na kituo cha reli ya TAZARA na kurudi. Kwetu husema kunyonga baiskeli. Sithubutu kudai kuwa kitenzi hiki na jina la kiungo ni watoto wa tumbo moja, maana nimewaonya wengi juu ya ndugu wa kufanana sura tu. Lakini nilipokuwa barabarani, nyonga yangu ikizunguka bila kubeba uzito, nilitamani sana wawe ndugu.

Katika mazungumzo yetu kijana yule alinieleza pia habari moja ambayo ningependa mama zetu wote waisikie. Kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, miguu yake ikiwa imetanuka kuzunguka mwili wa mama, hukikalisha kichwa cha paja vizuri katika kikombe kingali laini. Mataifa yaliyokuwa na desturi ya kuwafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooka na kubanwa pamoja yalikuwa na watoto wengi zaidi wenye nyonga zilizoteguka. Nilimweleza mama. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi nilikutengeneza vizuri, ukaiharibu kwa kukaa na vitabu." Sikuwa na jibu.

Sitaki msomaji adhani kuwa ninauza mkeka. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 23 za Uingereza, kwa watu 348 wenye nyonga za kugongana kama yangu. Nusu walipasuliwa kwa chombo chembamba kinachoondoa kinundu, na nusu walifundishwa mazoezi na mtaalamu, kila mtu kwa kadiri yake. Baada ya mwaka pande zote mbili zilikuwa na nafuu, na waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi kidogo. Hayo ndiyo yaliyoonekana, na mwenye uwezo wa kisu na achague kwa akili. Wala hakuna aliyethibitisha kuwa mazoezi huizuia nyonga isisagike. Yaliyothibitika ni kuwa hupunguza maumivu na kumrudishia mtu mwendo wake. Kwa mkulima wa Minepa, au kwa mwalimu mwenye ofisi ghorofa ya tatu, hilo si dogo.

Tena si kila nyonga inayouma ipelekwe mkekani. Mwenye homa pamoja na maumivu, aliyeanguka asiweze kukanyaga, anayekonda bila sababu, na mtoto anayechechemea, hao wote waende kwa daktari kwanza. Na nchi yetu ni miongoni mwa zile zinazozaliwa watoto wengi wenye selimundu; ugonjwa huo waweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikosesha damu, hata kijana wa miaka ishirini akatembea kama mama yangu. Ulevi wa muda mrefu na dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa sana huleta balaa hilo hilo. Kuna mwanafunzi wangu mmoja mwenye selimundu ambaye kwa mwaka mzima alichechemea kuja darasani, nami nilimpa pole kila asubuhi. Sasa najua kuwa ingenipasa kumwuliza kwa jina la mahali panapouma.

Nilirudi chuoni mwezi wa Oktoba nikapanda ngazi zangu. Ghorofa ya kwanza nilipita, ya pili nilipumzika, ya tatu nilifika nikihema, na kinena kilikuwa tatu katika kumi. Mwaka umepita tangu hapo. Zipo siku ambazo nasahau kuwa nina nyonga, na zipo ambazo hunikumbusha, hasa nikiketi katika mikutano mirefu ya idara, ambayo sijapata daktari wa kuitibu. Nimemwambia daktari wa kike na wa kiume neno kinena kwa sauti, na hakuna aliyeanguka.

Likizo iliyopita nilikuwa Ifakara tena. Mkeka ulitandikwa mahali pale pale uani. Mama sasa huketi kwenye kiti kirefu kando yangu na kunihesabia, nami nimegundua kuwa hesabu yake ina huruma: husema sita, saba, kisha tisa, kumi. Namrudisha kwenye nane, naye hujifanya hakusikia. Jioni moja katikati ya hesabu aliitwa na jirani. Aliinuka bila kushika meza, mara ya kwanza kwa mkongojo mkono wa kulia kama kawaida yake. Alipofika katikati ya ua alisimama, akatazama nyuma kuona kama namtazama. Nilikuwa nimefumba macho, au alidhani hivyo. Akauhamisha mkongojo mkono wa kushoto, akatoka langoni, na mwendo wake ulikuwa umepungua kuyumba. Nilirudi kwenye nane.